Alama Kumi na Mbili za Vema

Kila asubuhi, kabla cherehani ya baba haijaanza kunguruma, Karani alikuwa na kazi yake. Alimimina maji kikombeni, akatoa vidonge vitatu, akaviweka kwenye kiganja cha shangazi yake, kisha akasubiri mpaka vimezwe vyote. Hapo ndipo alipochukua kalamu ya bluu na kutia alama ya vema kwenye kadi ya kliniki. Alama zake zilikuwa nzuri, zimeinama upande mmoja na kutoshana kwa urefu. Kwa mwandiko huo, nyumbani walimwita Karani, ingawa alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili tu na kiatu chake cha kushoto hakikuwa na kamba.

"Ofisi imefungwa?" shangazi aliuliza, akirudisha kikombe.

"Bado wino haujakauka," Karani alijibu, akaipuliza kadi.

Shangazi alicheka. Alikuwa dada mkubwa wa baba, na alikuwa ameishi nao miezi mitatu, tangu aliporuhusiwa kutoka hospitali. Huko alitibiwa ugonjwa wa akili. Kabla ya kutibiwa alikuwa amekaa wiki nyingi bila kula vizuri, akiamini kwamba chakula kimetiwa kitu kibaya. Sasa alikula, alilala, na alishona matundu ya vifungo kwa mkono, madogo na safi, ambayo hata cherehani ya baba isingeyaweza.

Lakini vidole vyake vilikuwa vimeanza kufa ganzi. Sindano ikimchoma hasikii, mpaka aone damu kwenye kitambaa. Kule kliniki walimpima damu, na muuguzi akamweleza baba huku Karani akisikiliza.

"Mwili wake umepungukiwa vitamini," alisema muuguzi yule, mama mnene mwenye miwani ambaye wagonjwa walimwita Mama Kadi, maana hakumsalimia mtu kabla ya kumdai kadi. "Tutampa vidonge vya vitamini. Lakini nisikilizeni. Dawa inatibu ugonjwa. Vitamini inarudisha kile alichokikosa alipokuwa hali chakula. Moja haifanyi kazi ya nyingine. Kila asubuhi, dawa viwili, vitamini kimoja."

Dawa sitini, vitamini thelathini, vichupa viwili vya mwezi mzima. Mama alitoka alfajiri kwenda kazini kwenye kiwanda cha mikate, baba alikuwa na oda za watu, kwa hiyo kazi ya vidonge ikaangukia mikononi mwa Karani. Aliipokea kwa fahari. Fahari hiyo ilidumu siku sita.

Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa karakana ya baba. Kulikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia vitambaa, rafu ya nyuzi na vifungo, na kwenye kona ya ndani kiti cha shangazi. Mbele ya kiti hicho baba alikuwa ametundika pazia la kijani. Mteja akibisha hodi, baba alilivuta. Mteja akiondoka, alilifungua. Siku moja shangazi aliuliza pazia lile ni la nini, na baba, bila kuinua macho, akasema, "La vumbi, dada." Vumbi gani lililoingia na wateja na kutoka nao, hakuna aliyeuliza. Karani hakuuliza pia. Ila aliona, na kilichoonwa na mtoto hakipotei.

Siku ya sita jioni, rafiki yake alikuja ili wachore pamoja ramani waliyopewa na mwalimu. Darasa zima lilimwita Redio. Ukimwambia jambo saa nne, saa sita lilikuwa limeshafika mpaka jikoni kwa wapishi wa shule. Karani alipomwona mlangoni, macho yake yalikimbilia kwenye rafu. Vichupa viwili vilikuwa pale, na kwenye kila kimoja lebo nyeupe yenye maandishi makubwa meusi: KLINIKI YA AFYA YA AKILI.

"Ngoja kidogo, ndani pamechafuka," alisema, akamfungia Redio mlango usoni.

Alichukua vikopo viwili vya bati vilivyokuwa vya sindano za cherehani, vyote vya rangi moja na ukubwa mmoja. Akamimina dawa kwenye kimoja na vitamini kwenye kingine. Cha dawa akakiweka kushoto, cha vitamini kulia. Vichupa vyenyewe akavizika chini kabisa ya gunia la vipande vya vitambaa. Kisha akavuta pazia, akafungua mlango.

"Mlikuwa mnaficha maiti?" Redio aliuliza akiingia. Kabla hajakaa, alisikia mtu akikohoa nyuma ya pazia. "Nani yule?"

"Ni fundi tu," Karani alisema. "Baba amemwajiri. Anashona vifungo."

"Mbona amefungiwa?"

"Hapendi kelele."

Redio alikubali, wakachora. Nyuma ya pazia hakukuwa na sauti tena, hata ya kikohozi.

Asubuhi iliyofuata shangazi alinyoosha kiganja kama kawaida. "Bosi mdogo," alisema taratibu, "mshahara wangu unatoka tarehe ngapi? Maana nimesikia nimeajiriwa."

Alisema kwa tabasamu, na tabasamu lile lilimuuma Karani kuliko kofi. Masikio yalimwaka moto. Alitaka kuomba radhi, badala yake akageukia rafu haraka ili uso wake usionekane.

Kumbe vikopo havikuwa pale alipoviweka. Baba alikuwa ametafuta kifungo cheusi tangu alfajiri, akateremsha kila kikopo kilichomzuia na kukirudisha popote palipokuwa na nafasi. Karani alifungua viwili vyenye vidonge. Vyote vilikuwa vyeupe. Vyote vilikuwa vya mviringo. Vya kopo moja vilikuwa na mstari katikati, lakini ni vipi vilivyokuwa na mstari, dawa au vitamini? Kila siku alikuwa akisoma lebo, hakuwahi kukiangalia kidonge chenyewe.

Dawa ya tatizo lake ilikuwa nyepesi. Angefukua gunia, atoe vichupa, ampelekee baba na kusema, nimechanganya. Lakini baba angeuliza kwa nini alivitoa kwenye vichupa vyake, na jibu la swali hilo lilikuwa limekaa palepale kwenye kiti, kiganja wazi, likimsubiri.

Basi akapiga hesabu. Dawa humezwa viwili kwa siku, vitamini kimoja. Kwa hiyo dawa ndiyo iliyoisha zaidi, na kopo lenye vidonge vichache ndilo la dawa. Ilikuwa hesabu nzuri, na ilikuwa na shimo. Alisahau kwamba dawa zilitolewa sitini na vitamini thelathini, kwa hiyo kopo lenye vidonge vichache lilikuwa la vitamini. Akatoa viwili kwenye kopo hilo, kimoja kwenye lile jingine.

Shangazi alivitazama. "Leo vimebadilika kidogo?"

"Ni vilevile, shangazi."

"Sawa, mwanangu. Wewe ndiye duka langu la dawa." Akameza.

Karani akatia alama ya vema. Iliinama vizuri kama zilizotangulia.

Siku ya pili baba alimwona akitoa vidonge kwenye vikopo. "Vichupa viko wapi?" aliuliza, midomo imebana pini tatu.

"Vilikuwa vinaingiza unyevu," Karani alijibu haraka. Baba akatikisa kichwa kukubali, akarudi kwenye mkono wa koti aliokuwa akiupima.

Wiki ya kwanza ilipita. Kisha shangazi akaanza kuamka mapema mno, akitembea sebuleni kwa miguu mitupu. Akaacha kutania. Akawa akiuliza jambo moja mara nne, tano, kama mtu anayegonga mlango usiofunguliwa. Mezani alikivuta chakula karibu, akakinusa, akakisukuma. Mama alipomwuliza baba kama dawa zinamezwa, baba alionyesha kadi. "Tazama, hata siku moja haijarukwa." Mama aliitazama, akampapasa Karani kichwani. Karani alitamani sakafu ipasuke.

Kila asubuhi alijiambia kwamba leo atasema. Kila asubuhi kiganja kilinyooshwa, naye akaweka vidonge, akatia vema. Alama zile nzuri zilianza kumchukiza. Alikuwa akizitia bila kuzitazama.

Asubuhi ya siku ya kumi na mbili tangu siku ile ya kubahatisha, ilikuwa Jumamosi, Karani alienda na vikopo jikoni kuchota maji, akatia vidole ndani ya kopo alilodhani ni la dawa, akatoa viwili. Vilikuwa vya mwisho. Alitikisa kopo. Tupu. Dawa ya siku thelathini ilikuwa imeisha kwa siku kumi na nane. Akafungua kopo la pili. Lilikuwa bado limejaa zaidi ya nusu. Ndipo hesabu yake ikamgeuka, na akauona ule upande alioukosea. Kwa siku kumi na moja shangazi alikuwa amemeza nusu tu ya dawa yake.

Alivirudisha vidonge viwili ndani ya kopo, akatoka mbio kumtafuta shangazi. Lakini mlangoni mwa karakana alisimama.

Mashati kumi ya sare, oda iliyokuwa ichukuliwe mchana, yalikuwa yametapakaa mezani na sakafuni. Shangazi alikuwa ameketi katikati yake na mkasi mdogo, akifumua matundu ya vifungo moja baada ya jingine. Matundu aliyoyashona mwenyewe, kwa siku nne.

"Yananitazama," alisema bila kuinua kichwa. "Nimeyaambia yaache. Hayataki."

Baba alikuwa amesimama ukutani na mikono imeanguka. Alimsogelea dada yake polepole, akachuchumaa. "Dada, nipe mkasi. Tutayafunika, hayatakutazama. Twende tukamwone daktari, mimi na wewe." Kisha akamwambia Karani, "Chukua kadi."

Karani alichukua kadi. Akachukua na vikopo vyote viwili, akavitia mfukoni mwa gauni, navyo vikawa vinagongana njia nzima. Alifikiri kila mtu barabarani anavisikia.

Kliniki ilikuwa na benchi refu la mbao na dirisha moja la dawa. Mama Kadi aliwaona kutoka mbali, na kwa mara ya kwanza hakudai kadi kwanza. Alimshika shangazi mkono, akampeleka moja kwa moja kwa daktari, na wote wakaingia.

Daktari alikuwa mwanamume mpole mwenye sauti ya chini. Alizungumza na shangazi kwa muda mrefu, akamsikiliza baba, kisha akanyoosha mkono kuomba kadi. Karani alimpa. Aliisoma mstari kwa mstari, na kila alipoteremsha kidole, moyo wa Karani uliteremka nacho.

"Siku kumi na saba, dozi kamili, hakuna pengo," daktari alisema. "Kama amemeza hivi na hali imekuwa hii, basi kiasi hiki cha dawa hakimtoshi. Itabidi tuongeze. Na kwa kuwa tunaongeza, nataka alazwe wiki mbili au tatu tumwangalie kwa karibu."

Shangazi alishika ukingo wa meza. Wodi aliijua. Si kwamba walimtesa. Ni kwamba alikuwa ameitoka kwa jasho, siku baada ya siku, na alidhani ameshaipa mgongo.

"Nilimeza," alisema. Akamgeukia kaka yake. "Au sikumeza? Labda nilikuwa navitema na sijui. Kadi haiwezi kukosea, mtoto huyu anaandika vizuri. Ni kichwa changu. Siwezi kukiamini tena kichwa changu."

Machozi yalimteremka bila sauti. Baba aliinamisha uso.

Karani alijua kwamba akinyamaza dakika moja zaidi, daktari ataandika. Kalamu ilikuwa tayari imegusa karatasi.

"Kadi ndiyo imekosea," alisema.

Wote walimgeukia. Alitoa vikopo mfukoni akavipanga juu ya meza. Akasema yote. Alisema kuhusu lebo, kuhusu Redio mlangoni, kuhusu gunia, kuhusu baba na kifungo cheusi, kuhusu hesabu yenye shimo. Alipofika mahali alipoulizwa kama vidonge vimebadilika naye akajibu ni vilevile, alimgeukia shangazi. "Nilimwambia rafiki yangu kwamba wewe ni fundi wa kuajiriwa, shangazi. Niliona aibu. Kisha nikaona aibu kusema niliona aibu."

Mama Kadi alifungua vikopo, akamimina vidonge kwenye sahani ndogo, akavigeuza kwa ncha ya kalamu. "Hivi vyenye mstari ni dawa. Vimebaki thelathini na saba. Vitamini, viwili." Alivua miwani. "Mtoto anasema kweli, daktari."

Daktari aliiweka kalamu chini. "Basi hatuongezi kitu. Tunarudi kwenye dozi yake ileile, na tutamwona kila baada ya siku tatu mpaka atulie. Akiwa na mtu wa kukaa naye nyumbani, hana haja ya kulazwa leo."

"Nitakaa naye mimi," baba alisema. Kisha akauliza kwa wasiwasi, "Na hizo vitamini zilizozidi?"

"Hii aliyopewa, kwa siku hizo chache, haikumdhuru," Mama Kadi alijibu. "Lakini zipo vitamini ukizizidisha zinaumiza, kwa hiyo usijifunze vibaya. Hakuna kidonge cha kubahatisha. Na kidonge hakihami kwenye chupa yake, kwa sababu chupa ndiyo yenye jina, kiasi na tarehe." Akamsogezea Karani kadi na kalamu nyekundu. "Ulizitia mwenyewe. Zifute mwenyewe."

Karani aliinama mezani. Kupitia kila vema akapiga mstari mwekundu, na pembeni akaandika: dawa kimoja, vitamini viwili. Mara kumi na moja. Kwa leo hakuwa ametia kitu bado, akakumbuka kwamba hata vidonge vya leo havijamezwa. Lakini kidole cha Mama Kadi kilibaki kwenye kisanduku cha leo. "Na leo ungetia?"

Karani alifikiri uongo, akauacha. "Ningetia. Kama visingekuwa vya mwisho, ningetia."

"Basi hesabu kumi na mbili," alisema Mama Kadi. "Hiyo ya mwisho ibebe moyoni."

Shangazi alikuwa ameacha kulia. Alikuwa akiitazama ile mistari myekundu ikiongezeka, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyerudishiwa kitu alichodhani kimeibwa. "Kwa hiyo nilimeza," alisema. "Kila ulichonipa nilimeza."

"Ndiyo, shangazi."

"Kichwa changu hakikunidanganya."

"Hapana, shangazi. Mimi ndiye niliyekudanganya. Nisamehe."

Shangazi alijifuta mashavu kwa kiganja. Akasema, "Nimekasirika. Nikipona nitakugombeza vizuri." Na Karani alishukuru, kwa maana alitaka sana kugombezwa.

Kwenye benchi la nje, wakisubiri dirisha la dawa, baba alikaa kati yao. Alikunja na kukunjua futi yake ya kupimia, ile ambayo hakuwahi kuivua shingoni. "Lile pazia," alisema, macho sakafuni, "halikuwa la vumbi, dada. Wateja walikuwa wakiuliza, nikashindwa kuwajibu. Mtoto huyu hakujifunza kuficha kwa mtu mwingine. Amejifunza kwangu."

"Nilijua," shangazi alisema. "Nimeshona nusu gizani miezi mitatu."

Jioni ile baba alilivua pazia. Mteja wa mashati alielezwa ukweli, akanuna, akangoja mpaka Jumatano. Vichupa vilifukuliwa kwenye gunia vikarudi kwenye rafu, lebo zimetazama nje. Tangu siku hiyo baba ndiye aliyesoma lebo na kutoa vidonge, na Karani ndiye aliyeandika. Hakuna aliyefanya peke yake.

Ilichukua wiki mbili na zaidi kabla shangazi hajaanza tena kulala usiku kucha. Karani aligombezwa siku ya Alhamisi, kwa dakika kumi na tano, kwa mpangilio mzuri. Na siku moja Redio alipokuja kuchukua rula yake, alikuta hakuna pazia, na mwanamke mmoja chini ya dirisha akivuta uzi.

"Huyu ndiye shangazi yangu, dada mkubwa wa baba," Karani alisema. Uso ulimwaka bado, lakini alisema. "Siku ile nilikudanganya. Alikuwa anaumwa ugonjwa wa akili, anatumia dawa. Hiyo ni dawa, hiyo nyingine ni vitamini."

Redio alisoma lebo zote mbili kwa sauti, kama kawaida yake. "Bibi yangu ana ya presha," alisema. "Anaimeza kwa kelele mpaka jirani anajua. Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Mimi hapa nimeajiriwa, ila sijaona mshahara."

Mwezi wa kadi mpya ulipokwisha walirudi kliniki kuchukua vichupa vingine. Mama Kadi aliidai kadi kabla ya salamu. Aliipitia taratibu, akasimama kwenye kisanduku kimoja kitupu.

"Na hapa?"

"Tuliamka tumechelewa, maji yalikuwa yamekatika, tukasahau vitamini mpaka kesho yake," Karani alisema. "Hatukutia vema. Na kesho yake hatukumpa viwili kufidia. Tulisubiri tukuulize kwanza."

Mama Kadi aliwaonyesha baba na shangazi kile kisanduku. "Kadi ya mwezi uliopita ilikuwa nzuri kuliko zote kliniki hii, na nusura imlaze mtu bure. Hii ina pengo, na kwa pengo hili naweza kumtibu mgonjwa wangu." Akamgeukia Karani. "Ugonjwa wa akili ni ugonjwa, mwanangu, kama ule wa moyo au wa tumbo. Hauna aibu. Anayeumwa anahitaji dawa yake, vitamini aliyopungukiwa, chakula, na watu wa kumwambia kweli. Kukosea si ajabu, tunakosea sote. Ukikosea na dawa, sema saa ileile, kwa sababu kila siku unayonyamaza analipa mwingine."

Akagonga muhuri, akampa shangazi vichupa vipya viwili. Shangazi alivishika mkononi vile vilivyo, bila mfuko, akavifinya kidogo kwa ncha za vidole vilivyokuwa vimekufa ganzi.

"Navisikia," alisema.

Wakatoka nje, vichupa mkononi mwake, lebo wazi, wakashika barabara iliyojaa watu.